Rubi Ikae Kwanza Kabatini

Kila nikisema starehe yangu ya wikiendi ni kukata vito, swali la kwanza huwa ni lile lile: unauza wapi? La pili: una mgodi? Sina mgodi, na siuzi. Mimi ni mtumishi wa serikali, nakaa Ilazo hapa Dodoma, na Jumamosi jioni mashosti wakienda kichen pati mimi nimejifunga kanga kiunoni, nimekaa mbele ya mashine ndogo ya mezani inayonguruma kama cherehani ya umeme, nasugua jiwe lisilozidi punje ya hindi mpaka liwake.

Ilianza kwa upweke, tuambizane ukweli. Mwaka 2017 ofisi yetu ilihamia Dodoma pamoja na nyingine nyingi za serikali. Mume wangu kazi yake iko Dar, kampuni binafsi, na watoto walikuwa katikati ya shule. Tukakubaliana mimi nitangulie. Kule kutangulia ndiko kumefika mpaka leo. Waliokuwa hapa miaka ile wanaijua Jumamosi ya mtu aliyeacha familia Dar: unafua, unapika wali wa mtu mmoja, unapiga simu nyumbani, ukiangalia saa ni saa nane mchana na siku bado ndefu. Wengine walipata kwaya, wengine baa, wengine walipata watu. Mimi nilipata mashine.

Mwalimu wangu ni mzee mmoja aliyekata vito Arusha miaka mingi kabla ya kuhamia kwa mwanawe huku. Namwita Babu, naye ananiita binti yangu, ingawa nina watoto watatu na mvi zimeanza. Nilimuuliza nianze na mchoro upi, maana iko maelfu, na kwenye picha yote inapendeza.

“Mchoro si nguo, binti yangu,” akasema. “Nguo unachagua inayokupendeza. Mchoro unachagua unaokufundisha kitu ambacho mkono wako hauna.”

Basi nikueleze kidogo, maana wengi hatujawahi kuona mchoro wenyewe. Ni kama ile karatasi anayokatia fundi cherehani. Jiwe linaonyeshwa kwa juu, kwa ubavu na kwa chini, halafu kuna orodha: kila uso ukatwe kwa nyuzi ngapi na kwenye jino la ngapi. Uso ni ule ubapa mmoja mmoja unaometa. Jino ni la gurudumu la mashine, ambalo kwa kawaida lina meno 96, ndilo linalokuambia umegeuza jiwe kiasi gani. Sehemu ya juu tunaiita kichwa, na ule uso mkubwa wa katikati ni meza. Chini ni kitako. Katikati yao kuna mkanda, ndipo sonara anaposhikia.

Babu akanipa kwatsi nyeupe ya bei ya soda mbili na mchoro wa duara la kawaida, lile unaloliona kwenye kabati la sonara yeyote. Lina nyuso 57: juu 33, meza ikiwemo, na chini 24. Usiogope hiyo hesabu. Gawanya 96 kwa 8 unapata 12, kwa hiyo nyuso kubwa za kitako zinakaa kwenye jino la 96, la 12, la 24, la 36, hivyo hivyo mpaka umalize mzunguko. Zote nane zinatakiwa kukutana kwenye ncha moja. Mmoja ukizidi, ncha inakimbilia upande na unaona hapo hapo. Wako mafundi wanaosema duara ni kazi nzito kwa anayeanza. Mimi sikubaliani nao. Nyuso ni nyingi, sawa, lakini zinarudia jambo lile lile mara nane, na mkono hujifunza kwa kurudia. Nilikata matano, yote kwatsi, mchoro ule ule, kabla ya kuruhusiwa kugusa mwingine.

Hapa kwenye nyuzi, dada yangu, tega sikio, maana ndipo mchoro mzuri unapogeuka jiwe bovu. Mwaka 1919 bwana mmoja mzaliwa wa Ubelgiji, Marcel Tolkowsky, alichapisha hesabu za duara la almasi, na mpaka leo zinatajwa. Ila ni za almasi. Kila jiwe lina namba yake ya kupinda mwanga: almasi 2.42, rubi 1.76 kwenda 1.77, ganeti ya rangi ya waridi iitwayo rodolaiti inazungukia 1.76, kwatsi 1.54. Namba ikiwa kubwa, kitako kinaweza kuwa bapa zaidi na bado kikaurudisha mwanga machoni. Kwatsi ikishuka mpaka nyuzi 40 hivi, mwanga unapita moja kwa moja, ukichungulia katikati ya jiwe unaona kidole chako. Tunaliita dirisha. Sisi kitako cha kwatsi tunakata nyuzi 43. Pete nyingi za madukani zina dirisha. Hebu vua yako sasa hivi uiangalie.

Kwa hiyo kabla hujaupenda mchoro, soma umeandikiwa jiwe gani. Mchoro wa ganeti ukiuhamishia kwenye kwatsi bila kubadili nyuzi, umejitengenezea kioo cha dirishani.

Dodoma nayo ina masharti yake. Sahani ya kusagia inataka matone ya maji muda wote, na sisi maji ni ya mgao, kwa hiyo nina ndoo inayokinga, nachuja, narudisha. Mbaya zaidi ni upepo. Kuanzia Juni mpaka Septemba vumbi linaingia hata kwenye friji. Chembe moja ya mchanga ikidondokea sahani ya kung’arishia, uso uliokuwa kioo unapata mkwaruzo na unarudi nyuma hatua mbili. Mchanga mwingi ni kwatsi, na kwatsi kwa kwatsi wanakwaruzana. Miezi hiyo nang’arisha alfajiri, upepo ukiwa bado umelala.

Baada ya duara nilidhani nitapewa kitu cha kupendeza zaidi. Babu akaleta mstatili wa ngazi, ule unaokatiwa zumaridi. Nyuso chache, kubwa, ndefu, zimepangana kama ngazi za barazani. Ukiangalia mchoro utasema huu ni wa mtoto. Sasa kata. Duara lina vimeto vingi, jicho halikai mahali pamoja, lakini ngazi ni kama kupiga pasi shati jeupe: kila mkunjo unaonekana, na mstari usiolingana na mwenzake unakupigia kelele. Pale nilijifunza kung’arisha, na nilijifunza kunyamaza. Miezi minne nilikata ngazi tu.

Wakati huo rubi ilikuwa kabatini, ndani ya kopo la filamu.

Hii ndiyo habari yenyewe. Unakumbuka Winza? Ni kijiji cha wilaya ya Mpwapwa, hapa hapa mkoani kwetu. Mwaka 2008 rubi zake zilivuma mpaka kwa wafanyabiashara wa vito wa Asia na Ulaya, na watu walimiminika kuchimba. Tulipotimiza miaka 15 ya ndoa mume wangu alininunulia jiwe ghafi la huko, kwa mfanyabiashara mwenye leseni, na risiti juu. (Na wewe ukitaka kuanza, nenda kwenye soko la madini, dai karatasi. Usinunue mkononi mwa kijana stendi. Sheria ya madini haijui neno starehe.) Gramu 1.2, yaani karati 6. Refu refu, jekundu la kuiva, lina ufa mdogo kwenye kona moja. Akasema, “Ukate mwenyewe, mama watoto, nitakuwekea kwenye pete.”

Kwa kweli nililia. Halafu nikaiweka kabatini.

Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, wikiendi zetu zimebadilika. Zamani basi lilikuwa linakula siku nzima, sasa anatoka kazini Ijumaa na chakula cha usiku tunakula wote. Ila alikuja na swali. Kila akija: “Ile rubi vipi?” Nikimwambia bado, ananyamaza. Mara ya nne au ya tano akasema, macho kwenye simu, “Au labda hutaki pete yangu.”

Wanandoa mnaoishi mbalimbali mtanielewa. Mkiwa na siku mbili kwa mwezi hakuna sentensi ndogo. Angeweza kuwa anaongea kuhusu jiwe, angeweza kuwa anaongea kuhusu mimi kubaki Dodoma miaka yote hii. Sikumjibu kwa maneno. Nilimvutia kiti mbele ya mashine.

Nikamwonyesha hesabu, maana yeye ni mhasibu na hesabu anaiamini kuliko machozi. Jiwe ghafi likikatwa, mara nyingi hubaki robo ya uzito, au theluthi ukibahatika. Karati 6 zitabaki moja na nusu, mbili kwa neema. Hakuna la akiba. Nikamwonyesha namba ya rodolaiti na ya rubi, karibu pacha. Maana yake mchoro wa rubi unaweza kuufanyia mazoezi kwenye ganeti, nyuzi zile zile, jino lile lile, kwa bei unayoweza kuipoteza bila kuugua. Nikamwambia sharti langu: mawe matatu ya mfululizo, mchoro mmoja, kila ncha imekutana, ndipo rubi itoke kwenye kopo.

Akauliza, “Mchoro upi?” Hapo ndipo tulipogombana vizuri, ule ugomvi mtamu.

Yeye alitaka duara, kama pete za madukani. Lakini duara kwenye jiwe refu ni kutupa ncha zote mbili, nusu ya zawadi yake inakwenda na maji machafu kwenye ndoo. Jumamosi iliyofuata akaja na wake, alioupata mwenyewe: Barion. Huo ulibuniwa mwaka 1971 na Basil Watermeyer, mkataji wa Afrika Kusini, na jina ameliunganisha na la mkewe, Marion. Basil na Marion, Barion. Mume wangu alikuwa anatabasamu kama aliyeubuni yeye. Ni mchoro mzuri, wa umbo la mraba au mstatili, wenye viuso vya nusu mwezi chini ya mkanda, na unawaka kuliko ngazi. Ila una mambo mawili. Kitako chake ni kirefu, kwa hiyo jiwe la rangi nzito unalizima kabisa, linakuwa kama kaa. Pili, unabakiza kona. Na ufa wa rubi yetu uko konani.

Yai ndilo linalofuata umbo la jiwe na kuutoa ufa wenyewe. Nikamwambia tukate yai. Aliuma mdomo. Mapenzi yalikuwa kwenye Barion, mimi naleta habari za ufa.

Sasa yai si mchezo. Duara linarudia mara nane. Yai lina urefu na upana tofauti, kwa hiyo kila kundi la nyuso mbili au nne lina nyuzi zake, na orodha ni ndefu kama bili ya harusi. Ndipo mume wangu alipopata kazi. Yeye anasoma jino kwa sauti, mimi nashusha jiwe. “Tatu.” Nasugua. “Arobaini na tano.” Nasugua. Tumekaa hivyo Jumamosi tatu, saa nyingine bila neno lolote zaidi ya namba, na sikumbuki lini mara ya mwisho tulikaa karibu hivyo muda mrefu hivyo.

Ganeti ya kwanza ya yai imetoka safi. Ya pili pia, ni yenye rangi ya waridi iliyofifia, tuliichagua makusudi isije ikawa nyeusi. Ya tatu Babu amekataa isiwe ganeti. Ganeti ina ugumu wa 7 na kidogo, rubi ni 9, inang’arishwa kwa unga wa almasi na inakula masaa. Mkono unaojua ganeti haujajua bado hiyo subira. Ameniletea rubi ya kiwandani, ile aliyotangaza namna ya kuitengeneza Mfaransa Auguste Verneuil mwaka 1902. Ugumu ule ule, namba ile ile ya mwanga, na bei ni ya kuchekesha.

Mume wangu aliishika juu ya taa, akaigeuza geuza. “Sasa si tuweke hii tu kwenye pete? Nani atajua?”

“Mimi nitajua,” nikamwambia, na Babu akacheka mpaka akakohoa.

Kitako chake kimekwisha, kiko tayari kugeuzwa. Kimenichukua wiki mbili za alfajiri. Kichwa tunaanza Jumamosi hii, na nyuso zake ni ndogo zaidi. Barion tumeihifadhi kwa ganeti ya baadaye, amenitilisha saini kwenye kalenda ya ukutani. Jana usiku alipiga simu kusema tiketi ya Ijumaa ameshakata, na amenunua miwani mpya, kwa sababu namba za lile gurudumu anazisoma kwa kubahatisha.