Gurudumu Kubwa la Nyuma

Huko Gatumba, magharibi ya jiji la Bujumbura, kando ya barabara iendayo mpaka wa Kongo, anaishi mzee mmoja aliyestaafu jeshi. Katika utumishi wake hakusifiwa kwa shabaha. Sifa yake ilikuwa karakanani, chini ya matumbo ya malori. Alipostaafu aliweka mashine ya kusaga mihogo na mahindi, na mashine hiyo ndiyo iliyoilisha nyumba yake. Mwanawe wa kwanza alitakiwa avae magwanda kama baba yake. Hakutaka. Alikwenda zake Kanada, katika jimbo la Quebec, na kwa miaka kadhaa simu zake zikawa za salamu na fedha tu, na mara nyingi aliyezipokea ni mama.

Kwa hiyo ilikuwa habari kubwa nyumbani, jioni moja, kijana alipoomba kuzungumza na baba, tena juu ya jambo la ufundi.

Kijana huyo hutengeneza pikipiki za theluji. Chombo hicho mbele kina miguu miwili mfano wa mbao za kuteleza, na nyuma hakikanyagi kwa tairi, bali kwa mkanda mpana wa mpira uzungukao kama mnyororo wa kifaru au wa katapila. Ndani ya mkanda, mwishoni kabisa, yamo magurudumu ya kuugeuza urudi mbele. Wenye vyombo huja wakitaka magurudumu hayo ya inchi 7 yaondolewe, yawekwe ya inchi 8 au hata 10. "Baba, faida yake ni nini?"

Mzee alijibu upesi, kama wazee wajibuvyo: gurudumu kubwa huenda mbali zaidi kwa mzunguko mmoja, basi chombo kitakimbia. Kijana alinyamaza kidogo kwa heshima, kisha akasema, "Lakini baba, hilo haliendeshwi na injini. Injini huzungusha meno ya mbele. La nyuma huzungushwa na mkanda tu."

Hoja ilikuwa ya kweli. Gurudumu la nyuma la baiskeli huisukuma baiskeli, na ukubwa wake hubadili mwendo. Hili la theluji halisukumi kitu. Mzee akasema, "Nipigie kesho, mwanangu," maneno ambayo si kila fundi huwa na ujasiri wa kuyatamka.

Asubuhi mashine ilikatika mkanda. Ulikuwa wa tatu katika muda mfupi, na mkewe, atunzaye daftari la fedha, hakuficha uchungu wake. Mzee aliuchukua ule mkanda mbovu akauzungushia kopo dogo la nyanya. Mkanda uligoma, ikambidi aubane kwa mikono miwili, na nyufa zake zikaonekana wazi. Akauzungushia sufuria ya ugali. Ukajilaza wenyewe.

Jioni alikuwa na jibu. Mkanda ukipita juu ya gurudumu dogo hukunjwa kwa ukali, kisha hunyoshwa, kisha hukunjwa tena, mara nyingi kwa kila dakika. Kila kukunja kunakula nguvu ya injini, na nguvu hiyo haifiki kwenye theluji. Hugeuka joto ndani ya mpira na kuuchosha. Gurudumu kubwa hukunja kwa upole. Tena huzunguka polepole zaidi: chombo kiendapo kilomita 80 kwa saa, gurudumu la inchi 7 huzunguka kama mara 2,400 kwa dakika, lakini la inchi 10 kama mara 1,700 tu, na beringi zake hupumua. Na chombo kirudipo kinyumenyume, pindo pana la mkanda huipanda theluji badala ya kuichimba. Hata hivyo mzee alimwonya asiwauzie watu ndoto: gurudumu kubwa lina uzito wake na lataka nafasi, mahali palipobana litakwaruza.

Mama, aliyekuwa akichambua mboga hapo karibu, akauliza, "Na letu je? Mbona ni dogo?"

Mzee hakuwa na la kusema. Mwezi Aprili 2020, mto Rusizi ulipofurika na kuingia Gatumba, tope lilijaa ndani ya mashine. Katika kuitengeneza upya kwa fedha za mkopo, alinunua puli ndogo kwa sababu ya bei. Zile faranga chache alizookoa zilikuwa zimeliwa na mikanda mitatu.

Kijana alieleza pia jinsi vyombo hivyo vilivyoanza. Huko Quebec, katika majira ya baridi ya 1934, fundi Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt alifiwa na mwanawe mdogo, kwa kuwa theluji ilizuia njia ya kumfikisha hospitali. Mwaka 1937 alipata hataza ya mfumo wake wa gurudumu la meno na mkanda wa mpira, akaunda magari makubwa ya kubeba watu juu ya theluji. Pikipiki ndogo iitwayo Ski-Doo ilifuata mwaka 1959. Mama alisikiliza pasipo kukatiza. Wakati wa yale mafuriko alipita na mjukuu mwenye homa mgongoni, maji yakimfika mapajani, na hakuhitaji kuelezwa njia iliyofungwa ni kitu gani.

Mzee alibadili puli zote mbili, kwani angebadili moja tu angeharibu mwendo wa mashine. Ya sentimita 9 ikawa ya 12, ya 18 ikawa ya 24, na injini akaisogeza karibu kidogo ili mkanda utoshe. Mwana alituma nusu ya gharama. Daftari la mama, kwenye ukurasa wa mikanda, halijaandikwa tangu siku hiyo.

Jumapili iliyofuata simu ililia tena. "Baba, na grisi je? Kwenye baridi kali huganda." Mzee alivuta kigoda akaketi, na mama akaenda kuinjika chai.