Samaki wa Kaisari

Jumatatu, 2 Machi
Mhariri kanirudishia makala. "Toa jina la mheshimiwa, mengine yote sawa." Mengine yote! Bila jina kinabaki nini? Nimezima simu. Nimerudi kwa Warumi wangu, washairi wa vijembe.

Jumanne, 3 Machi, usiku
Lucilius hakuogopa mtu. Karne ya 2 K.K., vitabu 30 vya vijembe, wakubwa wanatajwa kwa majina, tena wangali hai. Ila alikuwa na mgongo: mtu wa mali, rafiki wa jemadari Scipio Aemilianus. Nani angemgusa? Mimi ninayemjua sana ni mwenye nyumba, na kodi yake sijalipa.

Ijumaa, 6 Machi
Horace. Baba yake alikuwa mtumwa akaachwa huru. Anatania kwa upole, na mwenyewe hajisazi. Tajiri Maecenas anamtunza. Simlaumu, lakini leo upole sina.

Jumapili, 8 Machi
Jamani, Juvenal! Shairi la 4. Samaki mkubwa ajabu kavuliwa Ancona, mvuvi kampelekea Kaisari Domitian. Sahani ya kumtosha hakuna. Washauri wanaitwa, wanakuja mbio, roho mkononi. Ajenda: akatwe vipande, au ifinyangwe sahani mpya? Mmoja wao kipofu. Ndiye anayemstaajabia samaki kuliko wote, anamsifu huku kageukia kushoto. Samaki yuko kulia!

Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Halafu nikanyamaza. Vikao vya namna hii nimevikalia.

Jumatano, 11 Machi
Domitian aliuawa mwaka 96. Shairi la samaki limetoka baada ya hapo. Na Juvenal hafichi: shairi la 1 linaishia kwa kusema atawaandama waliozikwa kando ya barabara za Flaminia na Latina. Maiti tu. Asubuhi nilimwona mwoga. Jioni hii sina hakika. Kaisari kafa, sawa, lakini wapiga makofi je? Hao wanabadilisha bwana tu.

Alhamisi, 12 Machi
Jina nimelitoa. Badala yake nimekiweka kikao kizima: sambusa, maji ya chupa, ripoti ambayo hakuna aliyeifungua, na yule anayesifu ukurasa wa 40 wa ripoti yenye kurasa 32. Sasa wanajijua wote, si mmoja.

Mhariri kajibu usiku huu: "Safi. Sasa haina matata." Inatoka Jumamosi.