Nafasi ya Bibi

Kanisani kwetu ushuhuda una mwendo wake. Mtu anasimama, anasema Bwana asifiwe, anaeleza alikotolewa, watu wanapiga makofi, anaketi. Nimesimama mara nyingi, na kila mara nimesimulia ugonjwa wangu wa figo, kwa kuwa una kichwa na miguu: niliugua, nikalazwa, nikapona. Ya vita sijawahi kuyatoa. Siogopi kulia mbele za watu, nimeshalia sana humo humo. Shida yangu ni kwamba kila nikiyapanga, sijui pa kuishia ili watu wapige makofi.

Basi nayaandika, kwenye karatasi hakuna anayesubiri kupiga makofi.

Nilizaliwa ng'ambo ya kaskazini ya mto Kagera, si mbali na Bunazi. Wakati huo mkoa ukiitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera ulipewa 1979. Kwa asiyekujua kwetu, mto haukuwa mpaka. Wajerumani na Waingereza waligawana nchi mwaka 1890 kwa mstari ulionyooka, mto nao ukapita unakopita wenyewe, hivyo kukabaki kipande cha Tanzania kati ya mto na Uganda. Idi Amin, mtawala wa Uganda, alikipigia hesabu kipande hicho, kilomita za mraba kama 1,800, akaona mpaka wa haki ni mto. Kibanja chetu kilikuwa humo.

Na kibanja si shamba. Ndani ya migomba ndimo nyumba ilimo, ndimo mna kahawa, maharage, na makaburi ya wenyewe. Babu alilala hapo, na Baba aliyefariki 1975 alilala mguuni pake. Tukicheza mdako tulichezea juu ya wazee wetu, na hakuna aliyeona ajabu.

Oktoba ya 1978 ilikuja kwa vipande vipande. Kwanza minong'ono, kisha milio ya mbali upande wa Mutukula, kisha katikati ya mwezi ndege za Amin zikaangusha mabomu Bukoba. Tulikimbia mara mbili, tukalala porini, asubuhi tukarudi na kuwacheka waliokimbia mbali zaidi. Ndiyo maana siku yenyewe, Jumatatu tarehe 30, nusu ya kijiji haikuamini. Mama alikuwa na maharage motoni. Kijana mmoja alipita anakimbia bila shati, hakusema kitu, na hilo la kutosema ndilo lililomshtua Mama. Alikata jani la mgomba, akasokota ngata, akajitwika sufuria ikiwa inachemka.

Bibi, mama yake Baba, hakuja. Baba mdogo siku hizi anasimulia kwamba Bibi alikataa kuliacha kaburi la mumewe, na akifika hapo sauti inamkatika. Mimi nilikuwa na miaka 10 na nilikuwapo. Bibi alisema mbuzi anakaribia kuzaa. Alisema twende, yeye atafuata kesho mbuzi akishajifungua, na tusisahau kumrudishia jirani kisu chake. Hayo ndiyo maneno yake yote. Nimemwachia Baba mdogo simulizi lake, lakini langu ni hili.

Daraja la Kyaka tulilivuka usiku katikati ya ng'ombe, baiskeli na vitanda. Siku chache baadaye askari wa Amin walililipua. Sisi tulikuwa tayari upande wa kusini, katika shule ya msingi ambayo kila darasa lilikuwa limegeuzwa nyumba ya familia sita au saba. Maharage ya Mama yaliivia huko, kwenye moto wa watu tusiowajua. Ubao wa darasa letu ulikuwa bado na hesabu za kugawanya, na mwalimu hakukubali zifutwe, akisema wanafunzi watarudi Jumatatu. Jumatatu gani, hakusema.

Tarehe 2 Novemba watu walisongamana kwenye redio ya mwalimu mkuu kumsikiliza Mwalimu Nyerere. Kila Mtanzania wa umri wangu anayajua yale matatu, uwezo, sababu na nia. Wanaume walishangilia. Mama aliuliza, "Kwa hiyo Bibi atatolewa lini?"

Novemba kwetu ni mwezi wa senene. Mwaka ule walianguka kama mvua. Lakini senene hukusanywa kwa taa, na taa zilipigwa marufuku kwa hofu ya ndege. Tuliwasikia wakigonga mabati ya shule usiku kucha, sisi na njaa yetu gizani, hakuna wa kuwasha hata kibiriti. Asubuhi kunguru walikuwa wameshashiba. Sijui kwa nini nikiulizwa kuhusu vita, kabla ya mizinga huwa nakumbuka kunguru wale.

Kaka yangu wa kwanza alijiunga na mgambo. Nchi nzima ilikuwa inahamia kwetu: malori ya watu binafsi yenye majina ya Singida na Iringa ubavuni, mabasi, askari polisi, vijana wa JKT. Wanajeshi walivusha watu na silaha, na kabla mwaka haujaisha eneo letu likawa limekombolewa. Januari waliichukua Mutukula, na mwezi uliofuata tukaruhusiwa kurudi.

Nyumba ilikuwepo bila mabati. Milango ilikuwa imeng'olewa pamoja na fremu zake, kwa ustadi, kama kazi ya fundi aliyelipwa. Nje kidogo, kwenye kisiki, kulikuwa na kamba ya mbuzi iliyokatwa kwa kitu chenye makali. Migomba ilikuwa haijapogolewa miezi minne na majani makavu yalining'inia hadi chini, mtu asingeona hatua kumi mbele. Mama aliingia humo na panga. Alipogoa siku nne mfululizo. Sisi tulidhani anashughulikia shamba, kumbe anatafuta.

Hakumpata. Wapo majirani waliokutwa majumbani mwao, wapo waliokutwa njiani, na wapo waliosemekana walisombwa kupelekwa Uganda pamoja na maelfu ya ng'ombe. Hesabu inayotajwa ya raia waliouawa ni kama 1,500. Bibi hayumo kwenye hesabu ya waliouawa wala ya waliorudi. Aprili 11 redio ilipotangaza Kampala imeanguka, Mama alifagia uwanja akatandika mkeka, kwa sababu mateka wangeachiwa. Wachache walirejea kweli. Mkeka ulikaa nje mpaka ukaloa.

Wazee walishauri tuzike mgomba. Unachukua shina, unalivika sanda, unaliombolezea, unalifukia, na msiba unakuwa umekwisha ili watu waendelee na maisha. Shauri la busara, leo ningelikubali. Mama alikataa. "Nikizika mgomba," alisema, "nitakuwa nimemwua mimi." Akaacha pande la ardhi kati ya kaburi la Babu na njia ya kisimani, urefu wa mtu, akalipalilia, hakupanda kitu. Tukapaita nafasi ya Bibi, na nimeona watoto waliozaliwa miaka 20 baadaye wakiiruka wanapokimbizana, bila kuambiwa na mtu.

Vita ile iliigharimu nchi takriban dola milioni 500, na Mwalimu alituomba tufunge mikanda miezi 18. Watu wanaitania hadi leo ile miezi 18. Mafuta yalipanda bei duniani, maduka yakabaki na makopo ya dawa ya viatu, na sabuni ikawa kitu cha kusimuliwa. Tulifua kwa majani ya mpapai. Tuliuza kahawa kwa butura, ikiwa bado maua mtini, kwa bei ambayo mnunuzi mwenyewe aliona haya kuitamka.

Hapa ushuhuda wangu unakuwa mgumu kidogo kwa kanisani, kwa kuwa tulichovushwa nacho ni magendo. Nilikuwa na miaka 13. Tulibeba kahawa usiku, debe kichwani, mimi, Mama na wanawake wengine watatu, tukapita vichochoro vya kuelekea Mutukula, katika nchi ile ile iliyotuvunjia nyumba. Aliyepokea kahawa yetu upande wa pili alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni, mwembamba kuliko sisi. Watu wa huko walikuwa wamepigwa kuliko sisi. Alitupa sabuni na chumvi, na mara moja alinipa mimi peke yangu sketi. Sikuweza kumchukia, ingawa nilijaribu, maana nilikuwa nimejiandaa kumchukia.

Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi. Tulikuwa na miche 12 ya sabuni chini ya kitanda. Ilipovuma kwamba wanamgambo wako kijiji cha pili, Mama aliitumbukiza yote chooni. Wakaja, wakapekua, wakaondoka na heshima zao. Wiki ya pili yake mvua kubwa ilinyesha, maji yakaingia shimoni, na choo chetu kikaanza kutoa povu. Povu jeupe, safi, likateremka hadi njiani, mbele ya macho ya mwenyekiti wa kijiji aliyekuwa akipita na mwavuli wake. Alisimama, akatazama, akamwamkia Mama, akauliza kama migomba haijambo. Mama alijibu haijambo. Huo ndio wema mkubwa niliowahi kuuona kwa kiongozi.

Kaka alirudi salama kutoka Uganda, akawa mfanyabiashara wa njia ile ile ya mpakani. Kilikuja kitambaa kizuri chenye jina la Juliana, kila msichana alikitaka. Kisha ukaja ugonjwa wa kukonda, na kwa kuwa uliwaanza wafanyabiashara na wasichana wao, watu wakauita Juliana. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walitambuliwa mkoani kwetu, mwaka 1983. Kaka alikufa 1987, mkewe 1989. Nimesikia wasomi wakibishana kama ni jeshi lililouleta au ni biashara. Mimi sibishani. Njia ilikuwa moja: ilipitiwa na wanajeshi, ikapitiwa na kahawa, ikapitiwa na sabuni yetu, na Kaka alipita humo mara zote tatu.

Miaka hiyo makaburi yaliongezeka kibanjani mpaka tukakata migomba kuyapisha. Mara mbili wachimbaji walitaka kuchimba kwenye nafasi ya Bibi, udongo wake ukiwa laini kwa kupaliliwa. Mara mbili Mama aliwafukuza. Aliachiwa wajukuu watatu, mdogo akiwa wa miezi saba, naye Mama wakati huo alikuwa na miaka inayokaribia 60. Mimi nilikwisha kumaliza darasa la saba na kujifunza cherehani kwa masista, na kazi iliyokuwa haikosekani ni sare za shule za yatima. Nilishona kwa kipimo kimoja: shule nzima ilikuwa inakonda sawasawa. Hao watatu wamekua. Mmoja ni muuguzi Mwanza, mmoja ni dereva, wa mwisho ndiye anaishi nasi kibanjani na mkewe na watoto wanne.

Nimewahi kwenda Kaboya, kule Muleba, kwenye makaburi ya wanajeshi wetu. Yamepangwa kwa mistari, meupe, kila moja na jina lake. Nilisimama nikawashukuru kwa moyo wote. Wangekosekana wale nisingekuwa na pa kurudi. Halafu nikaona wivu. Naandika neno hilo kwa sababu ndilo lenyewe. Pale Kyaka magofu ya kanisa lililopigwa mizinga bado yamesimama, na wageni hupigia picha. Bibi wa kijijini aliyebaki na mbuzi wake hana gofu wala mstari mweupe.

Mama alifariki 2009. Tulimlaza pembeni ya Baba, na ile nafasi tukaipalilia sisi.

Juzijuzi umeme umefika kijijini. Vijana wa nguzo walikuja na kamba zao za kupimia, wakaona pale pa wazi kati ya kaburi la Babu na njia ya kisimani pamenyooka vizuri na barabara, wakaanza kuchimba. Mimi nilikuwa mjini. Mtoto wa kiume wa mpwa wangu, wa darasa la pili, akaenda kusimama katikati ya alama yao. Fundi akamwambia, "Mdogo wangu, toka hapo." Akajibu, "Hapo ni pa Bibi." Fundi akauliza yuko wapi huyo bibi aje tuzungumze. Mtoto akasema hajarudi.

Niliyasikia hayo jioni kwa mkwe wangu, anacheka huku anamenya ndizi. Vijana walisogeza nguzo hatua sita, karibu na mti wa kahawa, na ndiyo maana waya wetu unaingia nyumbani kwa kupinda wakati wa majirani wote umenyooka. Tumefunga taa ukutani upande ule. Novemba iliyopita senene walikuja kwa wingi, wakaizonga taa na kuangukia pale chini penye udongo laini, watoto wakawaokota kwa ndoo hadi saa saba usiku. Asubuhi tulikaa mlangoni tukiwachambua mbawa, na kunguru walikuwa juu ya nguzo wakitutazama.