Farasi wa Kweli

Kisanga hatuna farasi. Tuna mbuzi, kuku, ng'ombe wa wafugaji wanaopita, na punda wachache wanaobeba madumu ya maji. Farasi tulimjua kitabuni, kwenye ukurasa wa herufi F, na mwalimu aliyetufundisha kumtaja alikuwa hajamwona hata yeye. Nilipokuwa mdogo nilimweka kwenye kundi moja na zimwi: mnyama wa hadithi, ila huyu ni mpole.

Sababu ya kukosekana kwake ni mdudu. Mapori ya Kilosa na Mikumi yana mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, na mbung'o hubeba vimelea vya nagana, ndugu wa vile vinavyoleta malale kwa binadamu. Mnyama aliyeambukizwa hupata homa, damu humpungua, hukonda mpaka mbavu zikahesabika. Ng'ombe anaweza kujikongoja kwa miezi. Farasi hadumu.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipotoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone, alikuwa na farasi wawili na punda 27. Farasi wote wawili walikufa kabla msafara haujafika Morogoro, na punda wakaendelea kupungua njiani. Mizigo ikasonga mbele kama ilivyosonga siku zote katika njia ile iliyokatiza Usagara, juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Wazee wetu hawakuwa na haja ya kusimuliwa farasi hufanya nini, maana kazi yake walikuwa wakiifanya wao.

Aliyekuwepo ni punda milia. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Iringa inakata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na kila nilipopita pale kwa basi nilibandika uso kioone kuwatafuta. Walionipa lugha hii hawakumwita farasi milia. Walimlinganisha na mnyama waliyemjua, yule wa mizigo, wakaendelea na shughuli zao. Mwaka 2019 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Uingereza: waliwavalisha farasi makoti yenye mistari kama ya punda milia, na nzi wanaouma wakawa wanatua mara chache zaidi pale palipofunikwa. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Kumbe farasi akitaka kuishi kwetu, aazime kwanza shati la mwenyeji.

Farasi walipofika hatimaye, shati halikuhitajika. Walikuja kwa intaneti.

Mikumi mjini kuna kibanda cha kubeti chenye viti vya plastiki na skrini ukutani, kama vilivyo vingi siku hizi kila mahali penye stendi ya mabasi. Mchana mpira ukiwa haujaanza, skrini huonyesha mbio za farasi wa kompyuta. Wana namba, wana rangi, wana mtangazaji anayepaza sauti kadiri wanavyokaribia mwisho. Mshindi huchaguliwa na programu kwa bahati nasibu. Miguu, vumbi na kelele ni mapambo tu yanayopachikwa juu ya namba. Mbio zikiisha, dakika chache baadaye zinaanza nyingine. Mvua ikinyesha zinaendelea. Usiku ukiingia zinaendelea.

Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na tisa mama alipomkabidhi shilingi 360,000 akanunue mabati Mikumi. Zilikuwa pesa za magunia manne ya mpunga. Alifika saa nne asubuhi, akakuta duka la mabati lina foleni, akaingia kibandani kupumzisha miguu. Saa kumi na moja jioni alikuwa amebakiwa na nauli, na nauli yenyewe akaiweka kwenye namba tatu.

Hakurudi nyumbani. Siku nne baadaye tukapata habari kwamba yuko Kidatu, anakata miwa. Mama hakulia wala hakugomba. Alitandika turubai juu ya nyasi za paa, akakandamiza pembe zake kwa mawe, akasema, "Mradi ni mzima." Tangu hapo kila mwezi simu ya mama hupokea elfu ishirini au thelathini kutoka kwa mwanawe, bila salamu wala maelezo. Mama hutoa ile pesa, huikunja, huiweka ndani ya kopo la maziwa. Hajanunua bati hata moja. Nadhani anamsubiri aje ayanunue yeye mwenyewe.

Anayezungumza naye ni mimi, labda kwa sababu niko mbali. Nilikwenda Nairobi kusoma, na usiku mmoja akanipigia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mikono inaendeleaje?"

"Imekomaa." Akanyamaza kidogo. "Dada, huko Nairobi si wana farasi wa kweli? Nenda kaniangalizie. Nataka kujua kama wanakimbia vile."

Ndiyo maana Jumapili moja nilishuka kwenye matatu barabara ya Ngong na kuingia uwanja wa mbio za farasi. Uwanja huo umekuwa ukitumika tangu 1954. Katikati ya njia ya mbio pana viwanja vya gofu, na nyuma yake umesimama msitu. Mbio zenyewe ni za zamani kuliko uwanja. Zililetwa na walowezi wa Kizungu mwanzoni mwa karne ya 20, watu waliokuta kwamba kwenye nyanda za juu zenye baridi, ambako mbung'o ni haba, farasi anaweza kuishi. Beryl Markham, mwanamke aliyeruka peke yake kwa ndege kuvuka Atlantiki mwaka 1936, alipata leseni ya kufundisha farasi wa mashindano akiwa bado msichana, na baada ya safari zake zote alirudi Kenya kuendelea na kazi hiyohiyo. Nilikuwa nimetarajia kukuta mabaki ya dunia hiyo, kofia pana na darubini. Zilikuwepo chache. Walio wengi walikuwa familia za Nairobi: watoto wakikimbizana kwenye nyasi, mabinti wakipigana picha, wazee wameshika karatasi ya ratiba na kalamu kama watu waliokuja mtihani.

Kabla ya kila mbio farasi hutembezwa kwenye kiwanja kidogo cha mviringo ili watu wawatazame. Nilisimama pale kwenye uzio na kitu cha kwanza kunifikia kilikuwa harufu, jasho na nyasi na ngozi. Halafu ukubwa. Skrini haikuambii kwamba farasi wa mbio ana kilo 450 na zaidi, kwamba mishipa humchomoza shingoni kama mizizi, kwamba akipumua karibu yako unahisi joto usoni. Mmoja alikuwa anatetemeka bega moja tu, pale nzi alipotua. Nikakumbuka kwetu.

Aliyekuwa akimwongoza alivaa koti la buluu. Anaitwa saisi, mtunza farasi. Neno hilo nililifahamu kwenye kamusi, na nilidhani limelala humo tangu zamani za masultani, kumbe Nairobi bado lina ajira. Walipomaliza mizunguko nikamuuliza kama huyo wake atashinda.

"Anaweza," akasema. "Lakini leo hajamaliza chakula."

"Wewe umemwekea pesa?"

Akacheka. "Mimi? Hapana. Mimi namjua." Kisha akaniuliza natoka wapi, maana Kiswahili changu kilinisaliti. "Mko na farasi huko?"

"Tuna mbung'o."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba.

Niliyojifunza siku ile niliyaandika nyuma ya ratiba ili nimpelekee mdogo wangu. Kwamba wapanda farasi hupimwa uzito kabla ya mbio na hupimwa tena baadaye. Kwamba katika mbio nyingi farasi aliyewahi kufanya vizuri hubebeshwa uzito zaidi, vipande vya risasi hutiwa kwenye matandiko, ili walio dhaifu wapate nafasi. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Nimekulia mahali ambapo mzigo huongezwa kwa aliyekwisha kulemewa. Hapa kuna mtu ameajiriwa kukaa na kupiga hesabu ya namna ya kumlemea mwenye nguvu.

Niliandika pia kuhusu pesa, kwa kuwa nilijua ataniuliza. Dau za watu wote huingizwa kwenye chungu kimoja, waendeshaji wanakata fungu lao, kinachobaki wanagawana waliopatia. Kwa hiyo nyumba hailiwi hata siku moja, na katika hilo hapana tofauti na kibanda cha Mikumi. Sikutaka kumdanganya kwamba pale Ngong watu wazuri huweka pesa kwa njia nzuri. Nilimwona mzee mmoja akichana tiketi yake vipande vidogo sana, taratibu, akiwa na macho ya mdogo wangu.

Tofauti niliyoiona ilikuwa kwenye kusubiri. Kati ya mbio na mbio hupita karibu nusu saa. Farasi waliokimbia wanaondolewa wakiwa na povu jeupe mapajani, wanatembezwa wapoe, wanamwagiwa maji. Wengine wanaletwa, wanazungushwa, wanatandikwa. Huwezi kuharakisha chochote. Mwili wa mnyama ndio unaopanga ratiba, na mwili unachoka. Jioni ikifika mbio zimeisha, hata kama wewe bado una pesa na una hasira ya kuzirudisha ulizopoteza. Mdogo wangu kule kibandani hakuwahi kupewa nusu saa. Angepewa, pengine angetoka nje, angeona jua linapinda, angekumbuka kwamba foleni ya mabati imekwisha.

Nasema pengine. Wako waliomaliza mashamba kwa farasi wa kweli, dunia nzima. Ila nimeyapima maneno yangu tangu siku ile na bado naamini kwamba kilichomla mdogo wangu ni mchezo ambao ndani yake hakuna anayechoka isipokuwa yeye.

Kabla ya mbio za tano akanipigia. Nyuma yake nilisikia watu wakicheka na redio. Jumapili, kambini.

"Umewaona?"

"Nawaona. Wako mbele yangu."

"Namba tatu yupo?"

Yupo, nikamwambia. Wa kahawia, mguu mmoja wa nyuma una soksi nyeupe. Nilipomaliza kusema nikasikia kimya cha upande wa pili kikibadilika, na nikajua kinachofuata.

"Niwekee, dada. Kidogo tu. Nitakutumia."

Dirisha la dau lilikuwa hatua kumi kutoka niliposimama. Noti nilikuwa nayo, ya chakula cha mchana. Ilikuwa pesa ndogo na yeye ni mtu mzima sasa, anakula jasho lake, na mimi si mama yake. Pia nilijua kwamba namba tatu akishinda nitakuwa nimemfungulia mlango ambao mikono yake imekuwa ikiufunga kwa panga kwa mwaka mzima.

"Hukunituma kuweka pesa," nikamwambia. "Ulinituma niangalie. Ngoja nikwambie nilichoona."

Nikamsomea nyuma ya ratiba. Nilimweleza uzito na vipande vya risasi, harufu, bega lililotetemeka. Nikamweleza kwamba namba tatu ndiye aliyebebeshwa uzito mkubwa kuliko wote kwa sababu wanamwogopa, na kwamba kuna kijana amemwamkia alfajiri kumpa chakula na kumpiga brashi, na kijana huyo hajamwekea hata shilingi. Hakunikatiza. Redio ya kwake ikapunguzwa sauti.

"Wanaingia," nikasema. "Sikiliza."

Nikasogea hadi kwenye uzio na kunyoosha mkono wenye simu. Mwanzoni hapakuwa na kitu ila sauti ya mtangazaji na watu. Walikuwa mbali, upande wa msitu, rangi ndogondogo zinazoteleza pamoja. Walipokata kona nikahisi kwanza kwenye nyayo. Ardhi ilikuwa inapigwa. Kisha sauti ikafika, nzito, kwato juu ya nyasi na pumzi nene za wanyama kumi, na waliokuwa wameketi wote wakasimama. Walipita mbele yetu kwa kitambo kidogo kama mtu kufumba na kufumbua jicho. Donge la udongo likanirukia kwenye sketi. Watu walipiga kelele za majina na namba, halafu kelele zikapungua, mzee wa tiketi akaanza kuchana nyingine.

Nikarudisha simu sikioni. Kulikuwa kimya, nikadhani salio limeisha.

"Haloo?"

"Nipo." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Dada, ni wazito hivyo?"

"Wazito."

Nilisubiri aulize nani kashinda. Jibu nilikuwa nalo. Kwenye ubao namba zilikuwa zimeanza kupanda. Kule njiani wapanda farasi walikuwa wamesimama juu ya vikanyagio, wanapunguza mwendo, masaisi wanatoka kwenda kuwapokea na ndoo na taulo.

"Wamefika wote?" akauliza.

Nikatazama nyuma kwenye kona. Mmoja alikuwa ameachwa mbali sana, mpanda farasi wake ameacha kumhimiza, wanakuja kwa hatua za kawaida katikati ya njia tupu. Kijana wa koti la buluu alikuwa amekwisha pita chini ya uzio kwenda kumlaki.

"Bado mmoja," nikamwambia. "Anakuja."