Mvumo na Mchanga

Pedali ya gitaa haichagui: hukuza kila ipewacho, wimbo na uchafu pamoja. Ndiyo maana fundi aliyejiundia ya kukwaruza sauti huiwasha, na kabla kidole hakijagusa uzi, spika inavuma.

Mvumo huo una mlango. Fundi huchomoa adapta na kuweka betri ya volti 9. Ukikoma, asili yake ni umeme wa ukutani, ambao Visiwani hupigapiga mara 50 kwa sekunde. Ukibaki, hukagua viungo vilivyolehemiwa vibaya, waya wa ardhi, na sanduku la chuma lenyewe. Lisipounganishwa na ardhi hiyo, nyaya zilizomo hugeuka antena.

Lakini nyuma ya mvumo ipo sauti nyingine, kama mchanga umwagwao juu ya jamvi. Sehemu yake hutokana na elektroni zinazohangaishwa na joto ndani ya rezista, J. B. Johnson alichapisha vipimo vyake mwaka 1928. Hiyo hupunguzwa, haifutwi. Fundi asiyezitenganisha sauti hizi mbili hufungua na kulehemu usiku kucha, akiutafuta ukimya ambao maada haikuumbwa nao. Anayezitenganisha hufunga sanduku, akapiga gitaa.