Baridi, giza na watoto wawili ndani ya nyumba

Najua nimepotea. Ni kazi, watoto, halafu giza hili la Stockholm linakufanya utamani kulala tu. Lakini leo sina zamu, watoto wameenda kuteleza kwenye theluji na baba yao, nami nimejichemshia chai ya tangawizi. Nikasema ngoja niwajibu wale mnaoniuliza kila siku: "Hivi kwenye baridi hiyo watoto wanashinda wapi?"

Jibu fupi: ndani!

Jibu refu ni hili. Mwezi Desemba jua hapa linachomoza kama saa 3 kasoro robo asubuhi, na kabla ya saa 9 mchana limeshazama. Yaani mchana wa saa 6 tu, na mara nyingi ni mawingu matupu. Watoto wanaenda shule gizani, wanarudi gizani. Matone ya vitamini D ni lazima nyumbani kwetu. Hapa watoto wote wa chini ya miaka 2 hupewa, na sisi wenye ngozi nyeusi tunashauriwa tuendelee kuwapa hata baada ya hapo.

Waswidi wana msemo kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu. Sibishi, hata shule za awali zinawatoa watoto nje theluji ikianguka. Ila nyie hamjawahi kumvalisha mtoto wa miaka 4 soksi mbili, sweta, ovaroli, buti, kofia na glavu, dakika 20 jasho linakutoka, halafu mkifika mlangoni anasema, "Mama, mkojo."

Halafu kuna siku za ugonjwa. Hapa serikali inamlipa mzazi sehemu ya mshahara abaki nyumbani na mtoto mgonjwa, hadi siku 120 kwa mwaka kwa kila mtoto. Likizo hiyo wanaiita "vab", na kwa kuwa Februari kila nyumba ina mgonjwa, wameutania mwezi wenyewe "vabruari". Mtoto akishikwa na ule ugonjwa wa kutapika wa majira ya baridi, harudi shule mpaka zipite saa 48 tangu dalili ziishe. Saa 48 jamani! Ya kumi tu ameshapona, anaruka kwenye kochi, na jirani wa chini anagonga dari kwa fimbo ya ufagio.

Sasa niwaambie jambo ambalo sikumwambia hata mama.

Baridi ya mwaka jana nilichukua zamu nyingi za usiku, si mnajua ujenzi wa Tanga haujengwi kwa maneno. Jumamosi narudi asubuhi, baba yao anatoka kwenda kazini, mimi nawasha televisheni, nawapa na simu, najilaza kochini. Watoto kimya, nyumba imetulia. Nikajiona nimepata dawa.

Siku moja Bibie (wakati huo ana miaka 6) akaleta mchoro kutoka shule: familia yetu. Baba yupo, yeye yupo, Bwana Mdogo yupo na gari lake. Nikauliza, "Mama yuko wapi?" Akanionyesha kitu kama gunia la buluu pembeni. "Huyo hapo. Kafunikwa blanketi."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama unavyosema ile ni meza, hii ni dirisha. Nikacheka, nikaenda bafuni, nikalia.

Mganga hajigangi. Mwaka 2024 idara ya afya ya umma hapa ilitoa ushauri: watoto chini ya miaka 2 wasitazame skrini kabisa, miaka 2 hadi 5 isizidi saa 1 kwa siku, miaka 6 hadi 12 saa 1 hadi 2. Mimi ndiye ninayewaeleza wazazi wengine mambo hayo, na wangu walikuwa wanatazama kutwa.

Nikaanza kujiuliza, sisi masika tulifanyaje? Mvua ya Tanga ikishika siku tatu, uwanja umejaa maji, watoto saba ndani. Hatukuwa na hata mwanasesere. Mama alitupa kazi! Huyu achambue mchele, huyu akune nazi, huyu apepee jiko. Nasi tulidhani tunacheza.

Basi nikapunguza zamu za usiku, ujenzi usubiri. Na nikawapa kazi. Jumamosi ni siku ya chapati. Bibie anakanda, Bwana Mdogo anasukuma. Zake hutoka kama ramani ya Afrika, na Madagaska imeanguka sakafuni. Inachukua saa 2 kitu ambacho peke yangu ningemaliza kwa nusu saa, lakini siku hizi sitafuti kumaliza mapema.

Pia tumetengeneza bao. Baba yao alikata makasha ya mayai akayagundisha kwenye kadibodi mpaka yakatimia mashimo 32. Komwe hatuna, tukatumia maharage. Bibie aliyahesabu 64 kwa Kiswahili bila kukosea, yeye ambaye alishaanza kunijibu Kiswidi tupu. Siku ya tatu Bwana Mdogo akatia harage moja puani! Nikaziba tundu la pili, nikaweka mdomo wangu juu ya wake, nikapuliza pumzi moja ya haraka: puu, likatoka. Wenye watoto wadogo kumbukeni hiyo. Ila likigoma msichokonoe, nendeni hospitali.

Na Jumapili saa 10 jioni ya hapa, saa 12 ya kwenu, tunampigia Bibi atuhadithie. "Paukwa!" Wote wawili wanapiga kelele "Pakawa!" mpaka nahofia ufagio wa jirani. Juzi umeme ulikatika Tanga, simu ya video ikaonyesha weusi mtupu, sauti ya Bibi tu ndiyo inasikika. Bwana Mdogo akaniangalia, akasema kwa furaha, "Mama, kumbe hata kwa Bibi kuna giza!" Nadhani siku hiyo aliacha kuliogopa la hapa.

Msidhani nimekuwa malaika. Wiki iliyopita nilitoka zamu nimechoka, nikawasha katuni nikalala. Lakini baada ya muda nikahisi mtu ananivuta blanketi. Bibie, mikono imejaa unga hadi kwenye viwiko. "Mama, amka, maji ya chapati ni kiasi gani?"

Nikaamka.

Haya, nanyi niandikieni michezo mliyocheza ndani wakati wa masika. Dada yangu, ule wa vifuniko vya soda ulikuwa unaanzaje? Likizo ya wiki ya 9 inakuja, na michezo yangu imekwisha. Msalimieni Bibi. Mwambieni hadithi ya fisi tumeisikia mara nne, na watoto wanaitaka ya tano.