Jina Lililoandikwa kwa Haraka

Kwetu Wanande mtoto huzaliwa akikuta jina lake linamngoja. Mvulana wa pili huitwa Kambale, wa tatu Kasereka. Ukiita Kambale sokoni Butembo au Beni, wanaume wengi watageuka. Kwa hiyo tunaongeza jina jingine, kisha lile la ubatizo. Majina matatu yanatutosha. Lakini fomu za ndege kwa kawaida zina nafasi mbili tu. Jina la uzawa, kwa kuwa hutangulia, huwekwa mahali pa jina la ukoo, na ndugu wa tumbo moja huonekana kama watu wasiojuana. Hapo ndipo huanzia mahangaiko mengi ya wasafiri wetu.

Hata hivyo, leo siilaumu fomu. Nataka kuungama kosa langu.

Miaka thelathini hivi iliyopita, nikiwa katekista kijana, niliandika katika daftari la ubatizo ndugu wawili waliobatizwa siku moja. Watu walikuwa wengi, mvua ilikuwa inakaribia, nami nilikuwa na haraka. Kambale nikamwandika Kasereka, na Kasereka nikamwandika Kambale. Hakuna aliyeona. Nyumbani na shuleni waliendelea kuitwa kama walivyozaliwa.

Mwaka juzi yule mkubwa alikusudia kwenda China kununua bidhaa. Alibeba akiba yake pamoja na ya akina mama saba wauzaji wa vitenge. Hati zake nyingine zilikuwa zimepotea katika vita, hivyo akatumia cheti cha ubatizo, na pasipoti ikatoka kwa jina la Kasereka. Aliliona kosa, lakini kitabu kile kilikuwa kimemgharimu fedha na miezi mingi; akaambiwa kwamba ni jambo dogo. Binamu yake akamnunulia tiketi kwa jina alilomjua nalo: Kambale.

Alisafiri kwa barabara hadi Kasindi, akavuka mpaka, akafika Entebbe. Pale mhudumu alilinganisha pasipoti na tiketi, akatikisa kichwa. Ndege iliondoka bila yeye. Tiketi ikapotea, na msimu wa biashara ukapita.

Aliporudi alikuja kwangu jioni, akaweka cheti mezani, akasema kwa upole, “Mwalimu, mwandiko huu ni wako.” Neno la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa kisingizio: nilitaka kumsingizia padri wa wakati ule, ambaye amekwisha kufariki. Nilinyamaza kitambo. Kisha nikasema, “Ni wangu, mwanangu. Nisamehe.”

Tangu siku ile nimejiuliza kwa nini herufi chache zina uzito namna hii. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa safari za ndege kati ya mataifa, unaagiza katika kifungu cha 29 kwamba kila ndege ya kimataifa ichukue leseni za wote wanaoiendesha, na ikibeba abiria, iwe na orodha ya majina yao, mahali walipopandia na wanakokwenda. Tena nchi nyingi huitoza faini kampuni inayomleta mtu mwenye hati zisizofaa. Yule mhudumu wa Entebbe hakuwa mkatili. Alikuwa analinda orodha.

Na orodha hiyo ina maana siku ya msiba. Tarehe 8 Mei 2003 mlango wa ndege ya mizigo aina ya Iliushini ulifunguka angani kati ya Kinshasa na Lubumbashi, na watu wakavutwa nje. Hadi leo idadi yao haijulikani kwa hakika. Tarehe 24 Novemba 2019 ndege ndogo iliyokuwa ikija Beni ilianguka juu ya nyumba za watu mjini Goma. Siku kama hiyo, kila familia hutaka kwanza kusikia majina. Nikafikiri: kama kijana wetu angekuwa ameanguka akiwa na pasipoti ile, mama yake angetangaziwa kifo cha Kasereka. Angemlilia mwana aliyeketi karibu naye, na asijue aliyempoteza.

Kusahihisha kulituchukua muda mrefu. Baba paroko aliandika masahihisho pembeni ya daftari, nami nikasimama mbele ya hakimu kushuhudia kosa langu. Gharama tuligawana, ingawa kijana alikataa mara mbili kupokea fedha yangu. Hasara ya wale akina mama bado naifikiria.

Siku hizi, kabla ya kuandika jina, namwomba mama wa mtoto alitamke, nalirudia herufi kwa herufi, kisha namsomea nilichoandika. Asiyejua kusoma husikiliza tu. Foleni huwa ndefu, na wengine hunung’unika kwamba mwalimu amezeeka. Nawaacha wanung’unike. Mtoto aliye mikononi mwa mama yake hajui bado atasafiri mpaka wapi na karatasi ile.